Ubavu wa Jiko la Mount Vernon

Mount Vernon iko kilomita kama 24 kusini mwa jiji la Washington, juu ya kilima kinachotazama mto Potomac, katika jimbo la Virginia. Watu huenda pale kuliona jumba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, lenye nguzo ndefu upande wa mtoni na kuba ndogo juu ya paa. Mimi nilikwenda kuona jiko, nyumba ya dobi, banda la kukaushia nyama kwa moshi, na choo.

Aliyenipeleka ni shemeji yangu, mume wa dada. Anaishi Maryland miaka mingi sasa, anaendesha lori la mizigo, na siku yake ya mapumziko haitumii ovyo.

"Shemeji," aliniuliza tukiwa barabarani, "umetoka Tanga mpaka huku kuja kutazama choo?"

"Na banda la farasi."

"Haya. Nyie wageni mna mambo."

Sikumlaumu. Kwenye majumba ya kale, pesa ya ukarabati huanzia sebuleni. Dari hupakwa upya, mapazia hufumwa kwa mtindo wa enzi zile, kiti alichokalia mkubwa huzungushiwa kamba. Nyuma huko ghala linaoza polepole, na siku likianguka panawekwa maegesho ya magari. Nilikuwa nimesoma kwamba pale Mount Vernon nyumba za kazi zimebaki nyingi kuliko mahali pengi pa aina ile, na kwamba kuta zake za nje hutunzwa kwa uangalifu uleule linaotunzwa nao jumba. Mtu aliyekulia katikati ya mafundi chokaa, kama mimi, hawezi kusikia habari hiyo akatulia.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Washington alipofariki tarehe 14 Desemba 1799, mali hii ilikuwa na karibu ekari 8,000, imegawanywa katika mashamba matano, na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake mwenyewe. Wengine 153 walikuwa mali ya urithi wa marehemu mume wa kwanza wa mkewe Martha, na waliosalia karibu wote walikuwa wamekodiwa kutoka kwa jirani. Katika wosia wake aliagiza wale 123 waachwe huru mkewe akifa. Martha hakungoja, aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Wale 153 hakuwa na mamlaka ya kuwaachia, nao wakaenda kwa warithi. Watu wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana na kuzaliana, basi fikiria mwenyewe siku ile ilikuwaje ndani ya nyumba zao.

Jumba lilikuwa kichwa tu cha kazi hiyo yote. Ukisimama kwenye uwanja wa nyasi wa mviringo ulio mbele yake, kushoto na kulia unaona nyumba mbili ndogo zilizoungwa na jumba kwa ujia wenye matao. Ya kushoto ni ya watumishi waliofuatana na wageni. Ya kulia ni jiko, lililotengwa na jumba kwa sababu tunazozijua sote: moto, joto, moshi na harufu. Kutoka hapo vichochoro viwili vinakwenda, kimoja kaskazini, kimoja kusini, vikiwa vimepangwa nyumba za kazi: ghala na chumba cha karani, banda la nyama, nyumba ya dobi na uwanja wake wa kuanikia, banda la magari ya farasi, zizi la matofali la mwaka 1782, banda la samadi, upande wa pili nyumba ya mtunza bustani, ghala la chumvi, nyumba ya kusokotea nyuzi, karakana ya mhunzi. Vyoo viko bustanini, nadhifu, na shemeji alikuwa wa kwanza kuvipiga picha.

Nilianzia jikoni.

Uso wake unaotazama uwanja ni wa mawe. Mawe makubwa meupe, kingo zimechongwa mshazari, na kati ya jiwe na jiwe pana mfereji wa kivuli. Ukiwa hatua 20 mbali utaapa. Sogea karibu. Ni mbao za msonobari, zimechongwa mifereji ya wima na ya mlalo ili zionekane matofali ya mawe, kisha zikapakwa rangi nzito na kurushiwa mchanga rangi ikiwa bado mbichi. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Chembe za mchanga zimekaa kwa msongamano usio sawa, hapa nyingi, pale chache, na jua la ubavuni linazifanya zimetemete. Kwenye mfereji mmoja, chini kidogo ya dirisha, rangi ilikuwa imepasuka ufa mwembamba, na ndani ya ufa ule mti ulionekana, wa kahawia, mkavu.

Halafu nikazunguka kona. Jiwe likaisha palepale. Ubavuni ni mbao za kawaida zilizopandana moja juu ya nyingine, kama za nyumba yoyote ya mashambani Virginia. Hazina mfereji, hazina madoido. Ubao mmoja wa wima kwenye kona ndio mpaka: huku mawe, huku mbao. Mwenye nyumba alipima jicho la mgeni linafika wapi, na gharama ikakomea hapo.

Jumba lenyewe lilivishwa vazi hili la mawe ya bandia tangu miaka ya 1750, na Washington hakuliacha mpaka uzeeni. Miezi michache kabla ya kifo chake, Oktoba 1799, alimwandikia William Thornton, aliyekuwa akimsaidia kusimamia ujenzi wa nyumba zake mbili katika jiji jipya la Washington, akamweleza namna ya kuupaka mchanga. Mchanga, alisema, una kazi mbili: kuifanya rangi idumu, na kuipa sura ya jiwe. Urushwe kwa nguvu kwenye rangi nzito mpaka usiweze kushika tena. Mchanga wake yeye ulitokana na jiwe laini lililotwangwa na kuchekechwa, kisha vumbi likatolewa kwa upepo mwanana. Niliposoma hayo niliona kina mama wa Muheza wakipepeta mpunga uani. Rais mstaafu wa nchi, mzee, ameketi anaandika habari za kupepeta mchanga.

Lakini hakupepeta yeye. Waliotwanga, waliochekecha, waliorusha, waliopanda ngazi, wengi wao ni wale walioandikwa katika orodha ya watu 317.

Katika kichochoro cha kusini tulimkuta fundi. Alikuwa amebandua mbao tatu za chini kutoka kwenye ukuta wa kijumba kimoja na kuzipanga juu ya vigoda vya kazi, kila moja ina kikaratasi chenye namba. Mtu wa makamo, mkimya, mikono mikubwa. Nilimwamkia, nikamwambia nyumbani kwetu nimekulia kwenye chokaa na boriti za mikoko. Hakujua mikoko ni nini, ila alijua fundi anasalimiwaje, akashuka ngazi.

Alinionyesha kwanza mgongo wa ubao. Mgongo ndio wenye habari, kwa sababu hakuna aliyeupaka rangi wala kuupiga randa kwa ajili ya wageni. Kwenye ubao wa zamani kulikuwa na mistari ya wima iliyokaribia kulingana lakini haikulingana: alama ya msumeno wa shimo, mtu mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni anakula vumbi la mbao. Mistari hiyo naijua. Wapasua mbao wa milimani Usambara wanaiacha mpaka leo. Ubao wa pili ulikuwa na alama za upinde, yaani msumeno wa duara wa mashine, kwa hiyo huo ni kiraka cha baadaye, cha karne ya 19 au zaidi. Nyumba moja, ukuta mmoja, mbao mbili zilizopishana pengine miaka 100.

Misumari nayo inasema. Ule uliofuliwa na mhunzi, kichwa kina mapigo ya nyundo na mwili umechongoka pande zote nne, ni wa karne ya 18. Ule uliokatwa na mashine kutoka kwenye bamba la chuma, wenye kichwa cha mraba, ulianza kuenea mwishoni mwa karne hiyo na kutawala iliyofuata. Msumari wa waya, mviringo, huu tunaonunua dukani kwa kilo, ni wa mwishoni mwa karne ya 19 kuja huku. Fundi anapong'oa ubao anaitazama misumari kabla hajautazama ubao.

"Na unajuaje rangi ilikuwa ipi?" shemeji aliuliza. Hapo nilijua ameingia mtegoni.

Rangi hupimwa maabara. Hukwanguliwa kipande cha milimita chache, kikapachikwa ndani ya plastiki ngumu, kikasuguliwa mpaka ubavu wake ukang'aa, kisha kikawekwa chini ya hadubini. Matabaka yote yanaonekana yamepangana, la kwanza chini kabisa likiwa limeshikana na mti. Rangi nyeupe ya karne ya 18 ni ya risasi iliyosagwa katika mafuta ya kitani. Chembe za mchanga, kama zipo, zinaonekana zimezama ndani ya tabaka lake. Kati ya tabaka na tabaka kuna mstari mweusi wa uchafu, na unene wake unaeleza ukuta ulikaa muda mrefu au mfupi kabla ya kupakwa tena. Ukikuta titani ndani ya nyeupe, hiyo ni rangi ya karne ya 20, hata kama imechakaa kiasi gani. Leo risasi hairudishwi ukutani. Ni sumu, na Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978. Kinachorudishwa ni wekundu wa paa, weupe wa ukuta na mkwaruzo wa mchanga, kwa vitu vingine.

Kazi iliyokuwa mkononi mwake siku hiyo haikuwa ya maabara. Ubao mmoja ulikuwa mzima isipokuwa ncha ya chini, urefu wa kiganja hivi, iliyolainika ukaweza kuingiza ukucha. Mwenye haraka angeutupa. Yeye alikuwa amekata ncha ile kwa mshazari mrefu, akachonga kipande kipya cha mti wa aina ileile chenye mshazari wa kujibu, na alikuwa anavijaribisha vikae. Alivitia, akatazama, akatoa, akapitisha randa mara moja, unywele mmoja wa mbao ukadondoka, akatia tena. Alirudia hivyo mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake. Ulipokaa, mshono ulibaki mstari ambao rangi ingeufunika. Mgongoni mwa kile kipande kipya aligonga mhuri wa mwaka, ili fundi atakayekuja baada yake asije akadanganyika kwamba ni cha zamani.

Mhuri ule ulinipendeza kuliko kitu chochote nilichokiona siku hiyo. Mbele ukuta unaficha, nyuma unakiri.

Nilimuuliza kinachoharibu mbao ni nini hasa. Mvua, alisema, na rangi mbaya. Maji yanaporuka kutoka ardhini yanapiga futi moja ya chini ya ukuta, boriti ya chini inayobeba nguzo inalowana, mchwa wanafuata. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema na rangi ya kisasa isiyopumua, anapaka matabaka, unyevu unafungiwa ndani. Ukuta unang'aa, mti unaoza.

Haya nayajua kwa jina jingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Pangani, na Lamu, kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Mtu akizipiga lipu ya saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu na inapatikana duka la jirani, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka na jiwe lake. Nimemwona marehemu baba akigomba na wenye nyumba kwa jambo hili, na akishindwa, maana saruji hukauka upesi na chokaa hutaka subira.

Ushahidi wa Mount Vernon hautoki kwenye kuta tu. Mwaka 1787 mgeni Mwingereza aitwaye Samuel Vaughan alichora ramani ya eneo lote la jumba, na nyumba za kazi zote akaziweka mahali pake. Washington aliisifu, akalalamikia kosa moja tu: miti ilichorwa ikiziba mandhari ya mbele ya jumba. Bwana huyu hakuwa mtu wa kuachia miti izibe mandhari. Zipo pia barua zake nyingi kwa wasimamizi wake, maana alipokuwa Philadelphia akiongoza nchi aliendelea kuuliza mbao, misumari na nani anaumwa. Na ipo michoro ya bima ya moto ya miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Bima ndiyo iliyookoa habari za jengo kubwa kuliko yote katika vichochoro vile, nyumba ya kioo ya kukuzia michungwa wakati wa baridi, yenye mabawa mawili ya kulala watumwa.

Jengo hilo liliungua Desemba 1835 na likarudishwa mwaka 1951 juu ya misingi yake ya awali. Hadithi ya matofali yake inafaa kusimuliwa. Wakati huo Ikulu ya Marekani ilikuwa imebomolewa ndani, katika ukarabati mkubwa wa enzi ya Rais Truman, na matofali ya zamani yalikuwa yanatolewa. Sehemu yake ikaletwa Mount Vernon kujengea jengo hili. Basi matofali ya Ikulu, ambayo nayo ilijengwa kwa jasho la watumwa pamoja na vibarua, yamekuja kuwa kuta za malazi ya watumwa. Nilimsimulia shemeji. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hayo hawatuambii kwenye mtihani wa uraia."

Nikiwa pale kwenye mabawa ndipo nilipoanza kusumbuka. Ukuta wa matofali mekundu, madirisha yamepangana, bustani ya maua mbele, vipepeo. Ndani ni vyumba vikubwa vyenye vitanda vya mbao vya ghorofa na meko moja. Nje ni pazuri mno. Familia moja ilikuwa inapiga picha, watoto wamevaa nguo za kufanana, wanatabasamu wameegemea ukuta.

"Hapa pangefaa harusi," shemeji alisema, bila ubaya wowote.

Ndilo tatizo lenyewe. Ukiikarabati nyumba ya kazi vizuri, inapendeza, na ikipendeza inasema uongo. Ukiiacha iporomoke, hakuna wa kusema lolote. Wapo wanaotaka majengo ya aina hii yaachwe na ukungu wake, rangi imebanduka, ili mgeni ahisi uzito. Siwaungi mkono. Rangi iliyobanduka ni ya miaka ya kutelekezwa. Siyo ya utumwa. Mwaka 1799 watumwa Nat na George walifua chuma, na Lucy alipika, katika shamba lililopakwa rangi na kusimamiwa kwa ukali, mbele ya kuta nyeupe na paa jekundu la vigae vya mbao. Unadhifu ule ulikuwa sehemu ya mashine. Hercules, mpishi mashuhuri aliyepika meza ya rais kule Philadelphia, alitoroka hapa tarehe 22 Februari 1797, siku bwana wake anatimiza miaka 65, na hakupatikana. Alipakimbia mahali palipopendeza.

Kwa hiyo uongo urudishwe kama ulivyokuwa, kwa mchanga wake, ilimradi na ubavu urudishwe. Wasiupake ubavu mawe kwa kuwa leo wageni wanazunguka nyuma.

Kuna jambo moja halirudishwi, nalo linaonekana kwa kutokuwepo. Kabla ya mabawa ya matofali, watumwa wa jumbani walilala katika nyumba kubwa iliyoitwa Nyumba ya Familia, karibu na karakana ya mhunzi. Ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1790. Kwa kuwa mahali pote pamewekwa katika hali ya mwaka 1799, nyumba hiyo haijajengwa upya. Wanaakiolojia walichimba shimo la hifadhi lililokuwa chini ya sakafu yake, wakakuta mifupa ya samaki na wanyama wa porini, vipande vya vyombo, risasi za kuwindia: watu waliotafuta kitoweo chao juu ya posho waliyopewa. Uamuzi wa kuchagua mwaka mmoja na kuushikilia naukubali kwa kazi ya mikono, maana bila hivyo kila fundi angekuja na mwaka wake. Lakini nyumba iliyokaliwa kwa miongo mitatu imebaki nyasi, na wageni wanaipita wakienda kwa mhunzi.

Mbali na vichochoro, chini karibu na mto, kuna kibanda kilichojengwa mwaka 2007 kuonyesha namna walivyoishi watumwa wa mashamba ya pembeni. Magogo, udongo katika nyufa, chumba kimoja. Mpolandi Julian Niemcewicz alitembelea Mount Vernon mwaka 1798 akaandika kwamba vibanda hivi ni vibaya kuliko nyumba za wakulima maskini kabisa wa nchi yake. Hapa hakuna mchanga uliorushwa kwenye rangi, kwa kuwa hakuna rangi. Wageni waheshimiwa hawakufika huku. Shemeji aliinama akaingia, akasimama katikati, akapima kwa macho upana wa chumba na idadi ya watu. Hakusema kitu cha harusi.

Nikiri jambo la waliopaokoa mahali hapa: hawakuanza na nyumba za kazi. Katikati ya karne ya 19 jumba lilikuwa limechakaa kiasi kwamba baraza ya mtoni ilitegemezwa kwa milingoti ya jahazi. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham wa South Carolina alianzisha chama cha wanawake cha kulinunua, na mwaka 1858 wakakubaliana na ukoo wa Washington kwa dola 200,000. Serikali ilikuwa imekataa. Chama hicho ndicho mwenye mali mpaka leo, juu ya ekari kama 500 zilizobaki. Walianza na jumba, kama kila mtu. Makaburi ya watumwa, msituni karibu na kaburi la Washington, waliyawekea jiwe la alama mwaka 1929, na mnara wa kumbukumbu uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard ulisimamishwa mwaka 1983. Hesabu mwenyewe kutoka 1858.

Kuna mtu mmoja ninayependa awekwe mbele ya maelezo yote ya ukarabati pale. Sambo Anderson alikuwa seremala, mzaliwa wa Afrika, mwenye chale usoni. Aliachwa huru mwaka 1801, akabaki jirani, akaishi kwa kuwinda bata na ndege wengine na kuwauza. Mwaka 1835 watu 11 waliokuwa watumwa au wa familia zao walirudi kwa hiari yao kutengeneza eneo la kaburi la Washington, naye alikuwa mmoja wao. Watu wanabishana walirudi kwa mapenzi gani. Mimi naona maelezo ya fundi: mtu aliyewahi kupiga msumari mahali hapendi kupaona pakiharibika, hata kama msumari ule hakulipwa.

Huko kwetu mambo yamekwenda kwa namna yake. Kasri la Maruhubi, alilojenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, liliungua mwaka 1899. Kilichosimama ni nguzo na hamamu. Kidichi, nje ya mji, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Hamamu ipo na nakshi zake, nyumba za shamba zilizoizunguka hazipo. Jengo hilo limebaki kwa kuwa lilijengwa kwa mawe na kupendeza. Lakini maghala ya karafuu, sakafu za kuanikia, vibanda vya waliochuma, ambao wengi walikuwa watumwa, hivyo vilikuwa vya miti na udongo, na hakuna aliyevichora kwa ajili ya bima.

Tulipotoka shemeji aliniuliza kama nimeridhika na choo changu. Nilimwambia kimezidi jumba. Jumba tuliingia, tukasukumwa na foleni chumba hadi chumba, na sikumbuki sana zaidi ya rangi ya kijani iliyokoza ya chumba cha kulia. Ukuta wa jiko naweza kukuchorea.

Ukijaliwa kufika, nenda asubuhi wakati jua limelala ubavuni mwa kuta, upate kuona mchanga. Na wewe uliyeko Tanga, Mombasa, Bagamoyo au Unguja, mwenye nyumba ya babu inayongoja kubomolewa ipate kujengwa ghorofa: nyumba ni yako, sikuzuii. Ila kabla ya kuvunja jiko la uani na banda la nyuma, pima urefu na upana, piga picha pande zote nne pamoja na paa, na waulize bibi na shangazi walio hai ni nani walipika humo na nani alijenga, uandike majina yao. Ni kazi ya asubuhi moja, na haigharimu mfuko wa saruji.